Fali ya Barabara ya Hulugho

Nondo iligusa kitu kigumu, na Nzuki akaacha kupumua.

Hakuisukuma tena. Aliilaza chini taratibu, akajiinamisha mpaka kidevu kikakaribia mchanga, akaanza kufagia kwa vidole. Alifagia kutoka ubavuni, si kutoka juu, kama alivyofundishwa. Jasho lilimwingia machoni lakini hakuinua mkono kulipangusa. Nyuma yake, karibu mno, injini ya lori ilikuwa inanguruma.

Lori halikutakiwa kuwa karibu hivyo. Sajini, mkuu wa msafara, alikuwa amelipanga jambo hilo tangu walipotoka Garissa: wachokonoaji wawili watangulie kwa magoti, mmoja katika mfuo wa gurudumu la kushoto, mwingine wa kulia, wakidunga ardhi kwa nondo zilizochongwa ncha. Lori libaki mbali, kiasi kwamba mbele kukilipuka, vioo vyake visivunjike. Leo Nzuki aliweza kuusikia moto wa rejeta mgongoni.

Kidole kikafika kwenye kitu chenyewe. Kilikuwa jiwe, jeupe, kubwa kama ngumi.

Barre, dereva, alicheka kutoka ndani ya kebini. Alikuwa Msomali wa mjini Garissa, mtu wa makamo aliyeendesha malori ya wafanyabiashara kabla serikali haijayakodi, na alikuwa amempachika Nzuki jina la padri, ambalo kinywani mwake lilitoka kama badiri.

"Badiri, wewe unakula mchanga na leo ni karamu," alisema. "Nyanyuka, twende."

Askari mmoja alishuka kutoka juu ya magunia ya unga, akampita Nzuki, akaendelea mbele ndani ya mfuo ule ule, bunduki begani, akitafuta kivuli cha kujisaidia. Ardhi aliyoikanyaga ilikuwa haijaguswa na nondo. Nzuki alimwomba arudi kwa kufuata nyayo zake mwenyewe. Askari alisimama, akamtazama kwa mshangao wa mtu anayeambiwa jambo asilolitarajia kutoka kwa rafiki.

"Leo hakuna kitu," alisema. "Si umesoma mwenyewe?"

Alirudi, lakini hakufuata nyayo zake. Alikata njia katikati, akipiga mluzi.

Nzuki alibaki amepiga magoti, nondo mkononi, na kwa mara ya kwanza aliliona jambo lile lote jinsi lilivyokuwa. Watu hawa walikuwa wanatembea juu ya kile alichosoma asubuhi.

Alikuwa kibarua wa Kazi za Barabara, Mkamba wa Mwingi. Kusoma alijifunza mwenyewe akiwa mtu mzima, kwa maandishi ya makopo na mifuko ya saruji, na alipobatizwa mwinjilisti alimpa Biblia ya Kiswahili na ushauri mmoja: asome kidogo kila siku. Ushauri huo ulimshinda kwa miaka. Kila Januari alianza Mwanzo kwa nguvu, akasoma mpaka macho yakauma, halafu siku moja ikampita, ya pili ikampita, akaona haya. Alipoona haya hakurudi pale alipoachia. Alirudi Mwanzo, kana kwamba kitabu kisingempokea mtu anayeingilia katikati. Habari za Adamu na za safina alizijua kama za jirani. Mambo ya Walawi hakuwahi kuyavuka.

Kilichomsaidia kilikuwa birika. Kambini Garissa, kando ya mto Tana, alipangiwa kupika chai ya alfajiri, na siku moja, kwa kukosa la kufanya, alifungua Biblia maji yalipokuwa jikoni. Yalipochemka akaweka uzi mwekundu kwenye ukurasa na kufunga, ingawa sentensi ilikuwa haijaisha. Kesho yake alianzia penye uzi. Akafanya hivyo tena, na tena. Siku ya kuni kavu alisoma kidogo. Siku ya kuni mbichi alisoma sana na kukohoa. Siku ikimpita hakuilipa, alianzia penye uzi tu. Kwa mwendo huo wa birika aliwavuka Walawi bila kujua amewavuka, akapita kwa waamuzi na wafalme, akafika kwa Nehemia.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa wakati ule yalionekana kutengenea.

Mwaka huo wa sitini na saba, watu wa msituni, ambao serikali iliwaita mashifta, walikuwa wameanza kuzika mabomu barabarani. Serikali nayo ilikuwa imewakusanya wafugaji kwenye vijiji vilivyozungushiwa miiba na kulindwa, na watu waliokusanywa hivyo hawakuweza kuwafuata ngamia wao, walingoja unga. Unga ulipelekwa na malori, na mbele ya lori hili walitangulia Nzuki na Olow, kijana wa Garissa aliyekuwa mtunza mipira ya kumwagilia mashamba kabla ya vita. Asubuhi moja Nzuki alisoma habari za Nehemia akizunguka kuta zilizobomoka, mpaka akafika mahali ambapo mnyama aliyempanda hakuwa na njia ya kupita. Kabla ya adhuhuri, nondo ya Olow ilikutana na bomu lao la kwanza.

Jioni ile Barre alimuuliza kitabu kilisema nini asubuhi. Nzuki alimweleza bila kufikiri. Barre akaenda kuwaambia wengine.

Mjini kwao, Barre alisema, palikuwa na mzee aliyefungua kitabu kwa ajili ya wasafiri, akawaambia kama siku ya safari ni njema au mbaya. Kuangalia namna hiyo waliita fali. Masheikh waliikataza, na madereva waliiendea. Askari wa bara waliielewa haraka kuliko hata Barre, maana kila mmoja alikuwa na mtu kwao aliyetazama ndege au ndoto. Nyanya yake Nzuki mwenyewe hakuvuka mto kama ndege fulani amelia kushotoni. Nzuki hakuona sababu ya kuwacheka.

Tangu siku ile waliuliza kila asubuhi, na yeye alijibu. Aliona kwamba mtu akiuliza habari za Neno si vizuri kumnyima. Palikuwa na sababu nyingine pia, ambayo hakuitazama sana. Tangu waanze kumuuliza, hakuna siku iliyompita. Hata asubuhi aliyoamka na homa, askari mmoja alimtikisa bega, akamletea kitabu blanketini. Desturi aliyoihangaikia miaka yote sasa ililindwa na lori zima, naye akamshukuru Mungu kwa hilo.

Olow peke yake hakuuliza.

Asubuhi hii Nzuki alikuwa amemaliza Esta. Aliwaambia kwa maneno machache: watu waliopangiwa kuuawa wameokoka, huzuni yao imegeuka furaha, wanakula na kupelekeana vyakula. Barre aliipiga bodi ya lori kwa kiganja kama ngoma. Na tangu hapo lori lilikuwa linamsukuma mgongoni.

Sasa aliona wazi. Wakiendelea hivi mtu atakufa, na atakufa kwa kuyaamini maneno aliyoyasoma yeye. Njia ya kulizuia aliiona moja tu, kuacha kusoma. Lakini alijijua. Akikifunga kitabu kwa wiki moja, uzi utabaki pale alipouweka, na yeye atarudi kuwa mtu wa Januari.

"Walaal," Olow alisema kutoka mfuo wa pili, bila kuinua macho, akimwita ndugu kwa lugha yake. "Kitabu yako inajua barabara hii?"

"Hakijui."

"Basi kwa nini unawaambia?"

"Wananiuliza."

Olow alidunga, akachomoa, akasogea kwa goti moja. Alisema kwamba wao chuoni walisoma juzuu za Kurani kwa mfuatano. Leo imefika hapa, kesho inaanzia hapo, iwe ni habari ya pepo au ya moto.

"Ukiruka kutafuta mahali tamu," alisema, "maalim anakuonyesha fimbo."

"Mimi siruki."

"Wewe huruki. Wao wanaruka." Akaonyesha lori kwa kidevu.

Kufika adhuhuri mchanga uliisha, ikaanza ardhi ngumu, nyekundu, iliyopasuka kwa jua. Nondo iliingia kwa shida. Mbele, ng'ambo ya uwanda ule mtupu, kilionekana kichaka cha miti ya miiba ambacho Sajini alitaka wafikie kabla ya jioni. Hakuwa mtu mkali wala mpumbavu. Alikuwa amepata habari kwa redio ya polisi kwamba Hulugho, mwisho wa safari yao, unga umekwisha na watoto wameanza kupikiwa ngozi, na tangu hapo alikuwa akitazama jua kuliko alivyotazama barabara.

Barre alizima injini, akashuka na kumweleza Sajini kwamba hapa ni jiwe tupu, hakuna mwenye jembe la kuchimba jiwe. Zaidi ya hayo gari lilikuwa limepita juzijuzi. Alama za matairi zilionekana wazi kwenye vumbi. "Na siku yenyewe ni nzuri, Afande," alimalizia.

Sajini alitazama jua. Akaamuru wachokonoaji wapande, lori livuke uwanda mpaka kichakani.

Olow alisimama, akakung'uta magoti. Nzuki hakusimama.

"Afande, naomba nipite kwanza," alisema.

"Unapinga amri?"

"Sipingi. Naomba kutangulia tu."

Sajini alimkaribia, akachuchumaa ili askari wasisikie. "Leo umesoma nini?"

"Nimesoma karamu, Afande."

"Basi?"

"Karamu ilikuwa ya Shushani, huko kwa Esta. Haikuwa ya hapa."

Sajini alimtazama. Alitoa sigara, akaiwasha, akasema wana muda wa sigara ile na si zaidi.

Wakarudi wote wawili kwenye magoti. Nzuki alidunga kwa mshazari, akasikia ncha ikikwaruza, akachomoa, akadunga tena. Ardhi ilikuwa ngumu kama alivyosema Barre. Alijua anaonekana mjinga. Alisikia askari wakitaniana kwamba yule Mkamba anatafuta dhahabu, na mmoja akamuuliza kama atawagawia. Moshi wa sigara ulimfikia puani, mwembamba, ukiisha. Akajiuliza kama anachokonoa kwa sababu ya bomu, au kwa sababu anaogopa kwamba hakuna bomu, na jibu hakulipata.

Olow alikuwa amefika penye alama za matairi zilizo wazi kuliko zote. Nondo yake ikaingia. Iliingia kirahisi, kama kwenye unga, kisha ikasimama.

Alisema kitu kwa Kisomali, polepole. Halafu akasema, "Afande."

Sigara ilianguka. Sajini aliwarudisha watu wote nyuma kwa mkono, bila sauti. Olow alilala kifudifudi, akafagia kutoka ubavuni. Nzuki, ambaye hakuwa na ruhusa ya kusogea, alitazama vidole vile vikienda na kurudi mpaka ukingo wa bati la duara ukaonekana, wa rangi ya kijani iliyofifia, mpana kama sinia. Waliolizika walikuwa wamelainisha udongo kwa maji, wakaurudisha, kisha wakaviringisha juu yake kipande cha tairi kuukuu ili ionekane gari limepita salama.

"Huyu alijuaje?" aliuliza askari mmoja, akimtazama Olow.

"Alichokonoa," Sajini alisema. "Wewe ulikuwa unacheka. Nyamaza."

Walifunga kulabu kwa kamba ndefu, wakalala nyuma ya kichuguu, Sajini akavuta. Kishindo kilipita chini ya matumbo yao kabla hawajakisikia masikioni. Vumbi lilipotulia, barabarani palikuwa na shimo ambalo mbuzi angeweza kulala ndani yake. Lilikuwa katika mfuo wa kulia, upande wa usukani.

Barre hakulitazama shimo. Alimtazama Nzuki.

"Ulisema karamu," alisema.

Walipiga kambi pale pale, kwa kuwa hakuna aliyetaka kusogea, na jioni ile kila mtu alikula akiwa amempa Nzuki mgongo. Hakuwalaumu. Kama angekuwa Barre, na usukani ule ungekuwa wake, angefanya hivyo hivyo.

Kulipopambazuka alikuwa ameshaweka mafiga matatu na anapuliza moto, Sajini alipomjia. Alichutama upande wa pili wa moshi, akajikuna shingo.

Alieleza kwamba watu wameamka vibaya. Barre amelala na buti miguuni kama mtu anayetaka kurudi Garissa kwa miguu. Bila maneno ya kuwainua hawatainuka, na unga ni wa watu walio mbele. "Kwa hiyo leo usisome tu kinachokuja," alisema. "Tafuta maneno mazuri. Kitabu ni kinene hivyo, hakiwezi kukosa."

"Jana yalikuwa mazuri, Afande."

Sajini alifikiri. "Basi tafuta ya katikati."

Nzuki karibu acheke, lakini uso wa Sajini ulikuwa wa mtu aliyechoka, anayeomba kweli. Hakukataa wala hakukubali. Sajini alipoondoka, aliteka maji, akaweka birika juu ya mafiga, akafungua penye uzi.

Juu ya ukurasa paliandikwa Ayubu. Alilisikia jina hilo kanisani, wakati wa mazishi, zaidi ya hapo hakujua kitu. Macho yake yalitaka kukimbia chini ya ukurasa kuona kama ni neno jema au baya, akayazuia kwa kidole. Tayari watu walikuwa wanakusanyika. Walikuja mmoja mmoja na vikombe vyao, wakisingizia baridi. Barre alikaa kwenye ngazi ya kebini, mgongo ukiuelekea moto na sikio likiuelekea pia.

Angeweza kusoma kimya na asiseme lolote. Lakini walikuwa wanamtazama usoni. Uso wake ungesomwa badala ya kitabu. Angeweza kurudi nyuma kurasa chache na kuwapa tena furaha ya Esta, wakapanda lori wakiimba, na lori likamsukuma tena mgongoni. Aliwaza hilo kwa muda, kwa sababu lilikuwa jepesi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yao. Alisoma kwa sauti, polepole, kidole kikitembea chini ya maneno, kwa namna ile ile aliyojifunzia kwenye mifuko ya saruji.

Alisoma kwamba palikuwa na mtu mwema aliyemcha Mungu. Olow aliinua kichwa aliposikia jina, akasema kwa sauti ndogo kwamba huyo ni Nabii Ayub. Nzuki alisoma habari za watoto wake, kondoo wake, ng'ombe na punda wake, na ngamia wake wengi. Waliposikia ngamia, vikombe vilitulia mikononi. Halafu ikaja siku moja, na mjumbe akaja mbio kusema kwamba ng'ombe na punda wamechukuliwa na wachungaji wameuawa. Huyo hajamaliza, akaja mwingine: moto umeshuka na kula kondoo na wachungaji wao. Huyo naye hajamaliza, akaja mwingine kusema kwamba maadui wamejipanga vikosi vitatu, wamewavamia ngamia, wamewachukua, na watu waliowachunga wamekufa kwa upanga.

Barre alikuwa amegeuka. Hapakuwa na mtu wa nchi ile ambaye, mwaka ule, hakuwa amepokea habari kama hizo za ngamia, kutoka kwa mashifta, au kutoka kwa askari, au kutoka kwa wote wawili. Askari nao waliinamisha macho.

Nzuki alisoma kwamba huyo naye alikuwa bado anasema, akaja mwingine. Kifuniko cha birika kikaanza kuruka. Akaweka uzi, akafunga.

"Endelea," askari mmoja alisema.

"Maji yamechemka."

"Endelea, bwana. Kuna mtu anakuja."

"Yupo," Nzuki alisema. "Atasema kesho."

Barre alishuka kwenye ngazi. Alisema, akiapa kwa Mungu, kwamba lori lile leo haliendi popote. Jana waliambiwa karamu na kifo kikawa chini ya kiti chake. Leo wameambiwa kifo, tena vifo vitatu, kitakuwa chini ya nini? Sajini alimtazama Nzuki kama mtu anavyomtazama aliyemwaga gunia.

Nzuki alianza kumimina chai, kwa kuwa mikono yake ilihitaji kazi.

"Ndugu zangu, ile siku niliyosoma mnyama amekosa njia tuliona bomu, mkakumbuka," alisema. "Baada yake nimewasomea siku nyingi majina ya watu na majina ya malango, hakuna aliyekumbuka. Jana furaha, na bomu likawepo. Kitabu hiki hakijui barabara. Nakisoma kinionyeshe mimi nilivyo. Barabara itaonyeshwa na nondo." Alimpa Barre kikombe, Barre hakukipokea. "Kuanzia leo, anayetaka kusikia aje, nitasoma pale kilipofika. Lakini sitamwambia mtu siku ni ya namna gani. Sijui."

"Kama siku haijulikani," Barre alisema, "mtu anaendaje?"

Nzuki alifungua kinywa, lakini aliyejibu ni Olow, aliyekuwa ameshaokota nondo yake.

"Kwa magoti," alisema.

Wakaenda wawili. Walizunguka shimo, wakapiga magoti, wakaanza. Nyuma yao palikuwa kimya. Nzuki alisikiliza injini, haikuwaka. Alidunga, akachomoa. Alikuwa ametaka kuwa huru na fali mara tu baada ya kuikana, lakini hakuwa huru. Wale wajumbe walikuwa masikioni mwake. Kila jiwe lililogonga ncha lilikuja kama mtu anayekimbia na habari, na yule wa mwisho, ambaye hakumfikia, ndiye aliyemwogopesha kuliko wote. Mara mbili alilala kifudifudi na kufagia pasipo na kitu. Mkono wake ulitaka kifo kiwepo ili kitabu kiwe kimesema kweli, na alipoligundua hilo alikaa juu ya visigino, akapumua.

"Umechoka?" Olow aliuliza.

"Naogopa."

"Na mimi," Olow alisema. "Dunga."

Jua lilikuwa limeshaanza kuuma waliposikia injini. Hawakugeuka. Walisikiliza tu, wakingoja ikaribie, na haikukaribia. Barre aliliendesha lori kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai, akasimama mbali, pale Sajini alipotaka tangu mwanzo. Hakuna askari aliyewapita. Mmoja wao alipotaka kujisaidia, alirudi nyuma ya lori, akafuata nyayo zake mwenyewe kwenda na kurudi.

Siku nzima hawakupata kitu. Walipata mawe, mzizi mmoja, na kipande cha chungu. Kichaka cha miiba kilibaki mbele yao, karibu kuliko asubuhi, lakini hakijafikiwa. Sajini alikuja kukitazama, akatazama jua, akasema na redio kwa sauti ya chini kwamba hawatafika leo. Alipomaliza hakumlaumu mtu. Alikaa chini, akavua kofia, na Nzuki, aliyejua kwamba huko mbele kuna watoto, akarudi kwenye nondo yake.

Mwanga ulipoanza kupungua mpaka rangi za udongo zikafanana, Sajini akapiga filimbi ya kusimamisha kazi. Nzuki na Olow walikokota matawi ya miiba, wakayalaza juu ya mifuo yote miwili pale walipofika. Barre alikuja kwa miguu, akikanyaga mahali palipochokonolewa tu, akiwa na kiriba cha maji. Aliwanywesha, Olow kwanza, kisha Nzuki. Hakuuliza habari za kesho. Alizungusha kifuniko cha kiriba kwa muda.

"Yule Ayub," alisema mwishoni. "Ngamia wake walirudi?"

"Sijui, Bwana Barre. Sijawahi kufika huko."

"Mimi najua," Olow alisema.

"Usiniambie."

"Niambie mimi," Barre alisema.

Wakarudi kuelekea lori wakiongea Kisomali, Barre akiuliza na Olow akijibu kwa mikono. Nzuki hakuielewa lugha yao, kwa hiyo hakuhitaji kuziba masikio. Upande wa pili wa miiba barabara iliendelea, laini, bila alama ya mkono wa mtu, mpaka giza la vichaka lilipoifunika. Aliipangusa nondo mchanga, akailaza kando ya matawi, ncha ikielekea mbele.